Kipimo cha Shingo

Pasi ilikuwa baridi, haijaguswa tangu asubuhi, lakini duka zima lilinuka kitambaa kilichoungua. Fundi cherehani akanusa kila kona asione kitu. Saa sita mchana mlango wa kioo ukafunguka, na ile harufu ikazidi pamoja na mteja aliyeingia.

"Hivi wewe ndiye unayeshona suti zinazosifiwa mji mzima?" aliuliza yule mwanamke. "Nilidhani nitakuta mzee. Kumbe kijana, tena mzuri hivi!"

Kijana mwenyewe alikuwa na miaka arobaini na minane, kipara na kitambi. Angejitazama kwenye kioo kikubwa cha wateja, hatua mbili tu kutoka pale, angecheka. Tena angeona jambo la pili, kwamba ndani ya kioo alikuwa amesimama peke yake. Hakujitazama. Alivuta tumbo ndani, akajikuna kisogo na kusema, "Aa, kawaida tu," kwa sauti nzito ambayo mkewe hajawahi kuisikia.

Mwanamke alitaka suti ya mumewe aliyekuwa safarini. Fundi alikuwa na sharti lake moja tangu aanze kazi: hashoni nguo ya mtu ambaye hajampima kwa mkono wake. Kwa sharti hilo alishawarudisha wake wa wakubwa, hata shemeji zake walimnunia.

"Lakini ana umbo lako kabisa," alisema yule mwanamke, akiivuta taratibu tepu ya kupimia iliyoning'inia shingoni mwa fundi. "Mabega kama haya siyaoni kwa wengine. Wewe umepima watu wote. Je, wewe nani amekupima?"

"Hakuna," fundi akajibu, na kwa mara ya kwanza akajionea huruma.

Basi akapimwa. Kilemba cha ukoka kikamkaa sawasawa kichwani. Siku ya kwanza mabega, ya pili kifua, ya tatu kiuno, kipimo kimoja kila mchana, na kila kipimo na sifa yake. Fundi mwenyewe aliandika namba daftarini, akakata, akashona. Koti lilipozidi kujaa, yeye alizidi kupwaya. Nyumbani shati lilimteleza mabegani.

"Baba watoto, unaumwa?" mkewe aliuliza.

"Nimepungua mwili. Wanaume wanaojitunza ndivyo tulivyo."

Siku ya nne ikawa zamu ya miguu. "Una mwendo wa kiume," aliambiwa, na meno yote yakawa nje. Jioni hiyo alifunika cherehani aende nyumbani. Alipofika kizingitini miguu ikagoma. Mlango ulikuwa wazi, barabara ile pale, watu wanapita na mizigo yao wakimpungia mkono, naye akavuta mguu mmoja kwa mikono miwili, akauvuta mwingine, akajaribu kutoka kinyumenyume, akatambaa, na kila alipofika kwenye ule ubao wa kizingiti alijikuta amegeuzwa, uso umeelekea ndani, mbele yake lile koti limetundikwa ukutani, kifua cha koti kikipanda na kushuka. Akampigia simu mkewe huku akilia.

Mke alikuja na shangazi yake, mama mtu mzima aliyejua mambo hayo. Shangazi aligusa koti, akaondoa mkono haraka. Lilikuwa na joto kama kwapa.

"Kimebaki kipimo gani?"

"Shingo," fundi alinong'ona. "Shangazi, tulichome moto."

"Utaungua wewe. Baba, huyu ni jini, na jini huyu hamshiki mtu kwa nguvu. Anamshika kwa sifa, mpaka azipokee mwenyewe. Kesho akikusifu, mtazame usoni umwambie, 'Si kweli.' Mara moja tu, atatoka, na vyako vyote utarudishiwa."

"Hilo tu?"

"Umeliona dogo?"

Ili asikosee, mkewe alikesha naye pale dukani na asubuhi akamfanyisha mazoezi. Ilikuwa aibu, kwa sababu katika miaka kumi na tisa ya ndoa kila alipojaribu kumsifu mumewe alikatizwa kwa mzaha, mpaka akaacha.

"Una mikono mizuri," alisema akitazama chini.

"Si kweli!"

"Watoto wanajivunia wewe."

"Si kweli!"

"Nikisikia cherehani yako inalia, moyo wangu unatulia."

"Si kweli!" Fundi akapiga paja kwa furaha. "Mbona rahisi!"

Mkewe akageuka kufuta macho. Hakuwa amesema uongo hata mara moja.

Saa sita ilipokaribia, shangazi akamtoa mke nje, wakasimama nyuma ya kioo cha mlango. Harufu ya kuungua ikajaa. Mke hakuona mtu akiingia; aliona tu tepu ikiinuka yenyewe kutoka mezani, ikipepesuka hewani, ikimzunguka mumewe shingoni. Fundi aliona uso uleule mzuri, karibu mno, akapiga moyo konde.

"Si..." akaanza.

"Najua wamekufundisha neno," jini alisema kwa upole. "Sema tu, sina ugomvi na wewe. Nimewapima wanaume wengi na wote walipewa neno hilo, na hakuna aliyeweza kulitamka. Lakini wewe si kama wale. Wewe, nimeona tangu siku ya kwanza, ni mwanamume mwenye msimamo."

Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Fundi alinyoosha shingo. Kidevu kikapanda chenyewe, na tabasamu likaja kabla hajalizuia.

"Kweli?" akauliza.

Tepu ikakaza.

Baada ya muda mlango ukafunguka. Mke akamwona mumewe akitoka amevaa suti mpya, mabega yamejaa, akivuka kizingiti bila shida. Sura yake, sauti yake. "Twende nyumbani, mke wangu," akasema. Shangazi alikuwa ameshaanza kurudi nyuma.

Mke akaushika ule mkono ulionyooshwa. Alitaka sana awe yeye. Akamtazama machoni, akanong'ona, "Una mikono mizuri."

Akangoja mzaha.

"Ahsante, mpenzi," mume akajibu kwa upole, akamkaza vidole. Kiganja kilikuwa cha moto, na kilinuka kitambaa kilichoungua.

Nyuma yao, ndani ya duka tupu, cherehani ilikuwa inashona peke yake, na chini ya mlio wake ilisikika sauti ya mwanamume ikirudia somo bila kupumzika: si kweli, si kweli, si kweli.