Ushahidi wa Chapati

Kila asubuhi nyumbani kwao mtaa wa Section 58, mjini Nakuru, Joyline Makokha alijibu kwamba ameamka hali bado amefumba macho. Mama yake akimwuliza kama ametandika kitanda, alisema ametandika. Ameosha kikombe? Ameosha. Mama alikuwa na haraka ya kwenda kufungua kibanda chake cha mboga, kwa hivyo alimwamini tu.

Siku moja wanafunzi wa Gredi ya Sita walikuwa wakijifunza present perfect tense. Mwalimu Kahiga, aliyewafundisha Kiingereza pamoja na Kilimo na Lishe, alikuwa mtu wa vituko. Hakuridhika na sentensi iliyokuwa sahihi tu.

"Tendo limekwisha, lakini matokeo bado tunayaona," alisema. "Kwa hivyo ukiniambia I have, nionyeshe!"

Bethwel akasimama. "I have eaten githeri, teacher."

"Evidence?"

Bethwel akafungua kinywa. Mwalimu akachungulia, akaliona ganda la haragwe la githeri kwenye jino, akampa alama zote. Natalie naye akasema, "I have plaited my sister's hair." Mdogo wake akaitwa kutoka Gredi ya Pili, na kwa kweli nywele zilikuwa zimesukwa zikapendeza. Darasa zima likapiga makofi.

Zamu ya Joyline ikafika. Alitafuta kichwani jambo lolote alilolifanya asubuhi hiyo, asilione. Alipomtazama Natalie alivyovimba kichwa kwa sifa, wivu ukamshika na ulimi ukateleza.

"I have cooked chapatis, teacher. Very soft chapatis. I have cooked them many times."

"Evidence?"

"Tumezimaliza, teacher."

Mwalimu akatabasamu. "Hakuna shida. Kesho tuna Kilimo na Lishe. Kila mtu alete kikombe cha unga, na Joyline atatupikia tuone."

Joyline alirudi nyumbani akiwa na wasiwasi mkubwa. Alipoomba unga, mama alimwuliza, "Wa chapati? Kuja basi nikuonyeshe kukanda."

"Najua, mum," akajibu upesi.

Mama akamtazama, akacheka kidogo, akaendelea kukata sukuma wiki. Joyline akachukua simu ya mama, akatazama video ya mpishi mmoja akisukuma chapati. Ilionekana kazi rahisi sana.

Kesho yake jiko la makaa liliwashwa nyuma ya darasa. Wanafunzi wengi hawakuwa wamebeba chakula cha mchana, maana tumaini lao lote lilikuwa kwenye karai la Joyline. Yeye akakunja mikono ya sweta, akamimina maji. Unga ukashikana vidoleni. Akaongeza unga, ukawa mgumu kama jiwe. Akaongeza maji, ukawa uji. Akaongeza unga tena, na maji tena, mpaka Fancy, mwanafunzi mwenzake aliyeshika mfuko wa unga, akasema kwa huzuni, "Joy, unga umeisha."

"Boss, hii ni chapo ama ni rangi ya ukuta?" Bethwel akauliza. Watu wakaangua kicheko, lakini kicheko kile kilikuwa cha watu wenye njaa, na hakikudumu.

Joyline akatazama unga wa wenzake ukitiririka kutoka kwenye mikono yake. Aliona aibu hata akatamani ardhi immeze. Machozi yakamlengalenga.

"Teacher, I have lied," akasema. "Sijawahi kupika chapati hata siku moja."

Mwalimu Kahiga akasonga karibu, akaitazama mikono yake.

"Hiyo sentensi siidai ushahidi," akasema. "Umekufika mpaka kwenye viwiko."

Kisha akamtuma Fancy kwenye kantini alete mayai na sukari. Akavunja mayai ndani ya karai, akatia sukari, akaongeza maji na kukoroga. "Leo tutakula chapati za maji," akatangaza. "Unga wa watu hautupwi."

Akabandika kikaango jikoni, akamkabidhi Joyline mwiko. Chapati ya kwanza ilitua kwenye majivu alipoigeuza, na ya pili ikaungua upande mmoja. Ya tatu ikaiva vizuri, Bethwel akaila ikiwa moto na akasahau kucheka.

"Joyline," mwalimu akasema walipokuwa wakila, "jana ungesema hujui, ungeona haya kidogo tu, halafu tungekufundisha. Lakini ulijitia ujuzi, na uongo wako ukataka kuwashindisha njaa wenzako wote. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Kuuliza si ujinga."

"Ndiyo, teacher. Nisameheni wote," akajibu, na safari hii alimaanisha.

Jioni mama alipofika nyumbani, alimkuta Joyline akimsubiri jikoni.

"Mum, mimi sijui kupika chapati. Nifundishe, tafadhali."

Mama akaweka mfuko wa mboga chini polepole, akamgusa paji la uso kuona kama ana homa.