Jaketi Lisilokauka

Jaketi la kuelea kwenye msumari wa mwisho lilikuwa limelowa, na hakuna aliyelivaa tangu lilipotundikwa.

Mtunza stoo aliligusa, akafuta mkono kwenye gauni lake, akalilaumu paa. Alipotazama juu aliona paa ni zima na dari ni kavu. "Haya," akajisemea, "siku hizi hata nguo zinajilowea zenyewe." Akaendelea na kazi, maana mtu aliyechoka akipata sababu yoyote ya kutofikiri huipokea kwa mikono miwili.

Kazi yake ilikuwa kuwavisha watu wasiotaka kuvishwa. Kila mwisho wa wiki walimiminika ziwani kutembea kwa boti, na yeye akawapanga gatini na kuwaeleza yale yale: funga na mkanda wa chini, si wa juu peke yake; filimbi hii hapa begani; ukianguka usitapetape, tulia uelee, kisha puliza. Walimsikiliza huku wakitengeneza nywele. Kijana mmoja alilalamika kwamba jaketi linamnenepesha kwenye picha.

"Picha utapiga, mwanangu," alimjibu. "Ila uvae, ili urudi kuitazama."

Wateja walimwita Mama Jaketi. Hakuudhika, alishaitwa mabaya zaidi ya hayo.

Jaketi lile la mwisho halikununuliwa na mtu. Aliliokota mwenyewe likielea karibu na gati, zima, mikanda yote imefungwa barabara. Hapo mwingine angejiuliza: kama mikanda imefungwa, aliyelivaa alitokaje? Yeye aliona jaketi zima tu, naye stoo yake ilikuwa na majaketi yaliyochanika hadi yanatoa sponji. Akalisugua kwa sabuni, akalitundika na wenzake.

Jioni moja, boti zote zimeshafungwa, alikuwa akitia kufuli mlangoni filimbi ilipolia kutoka ndani ya stoo. Ilikuwa ndefu, na ilikwaruza kana kwamba ina maji.

Sasa, gati lile lilikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeivunja. Filimbi ikilia, anayeisikia hujibu kwa filimbi yake papo hapo, kabla hata ya kugeuka kutazama, kwa sababu aliye majini akijua amesikika hupata nguvu ya kuelea kidogo zaidi. Sheria hiyo alimfundisha hata binti yake, kabla ya kumfundisha kuogelea. Kwa hiyo mkono wake ulikwenda shingoni wenyewe, na akapuliza.

Ndani kukawa kimya. Kisha harufu ya tope la chini kabisa ya ziwa, tope ambalo halijawahi kuona jua, ikapenya chini ya mlango na kumfikia puani, na nyuma yake akasikia majaketi yakisuguana moja baada ya jingine kuanzia msumari wa mwisho kuja mlangoni, kama mtu anayepita katikati ya nguo akitafuta njia ya kutokea. Alikimbia. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu akimbie, na magoti yalimkumbusha hivyo njia nzima.

Kumbe hakukimbia peke yake. Asubuhi nyumbani palikuwa na nyayo za maji kutoka mlango wa nje hadi mlango wa chumba cha binti yake, na nyayo za kurudi hazikuwepo.

Huyo binti ndiye aliyekuwa naye duniani, hana mwingine. Alikuwa nahodha wa boti ndogo ya kuvusha wageni, mwepesi wa kucheka, mgumu wa kuamka.

"Mama, ulinipulizia filimbi mlangoni alfajiri?" aliuliza huku akipiga miayo. "Nilitaka kuitika, usingizi ukanishinda."

Mama alikaa chini. Kwa mara ya kwanza alimshukuru Mungu kwa uvivu wa mtoto wake.

Mganga waliyeelekezwa alikuwa mtu wa makamo mwenye mafua, amejifunga shali shingoni. Aliwasikiliza, akapenga, akauliza swali moja.

"Ulimwitikia?"

"Nilimwitikia. Ndiyo kazi yangu."

"Kazi yako ndiyo iliyokuponza, dada. Wakubwa walitukataza kuitika sauti tusiyomjua mwenyewe, nawe umefundishwa kuitika kila sauti. Jini wa maji haingii kwa nguvu, huyo. Anaita. Akiitikiwa ndipo anapata pa kuingilia."

"Na atatoka lini?"

"Akiita weee bila kujibiwa, atachoka."

"Hata mimi nimechoka, baba."

"Basi mshindane," alisema mganga, wala hakutabasamu.

Walilichoma jaketi kwa ubani na maneno. Lilichukua muda mrefu kushika moto, likatoa mvuke badala ya moshi. Kisha mganga akawakanya: filimbi yoyote itakayolia, wasiijibu, iwe nyumbani au ziwani.

Njiani binti aliuliza kwa sauti ya chini, "Na mimi nikianguka majini, mama? Utanijuaje?"

Hilo ndilo lililokuwa likimkata mama maini tangu walipotoka kwa mganga. Wakakubaliana juu ya tochi, ile isiyoingia maji ambayo hukaa kwenye boti: mimweko mitatu, nafasi kidogo, mitatu tena. Siri hiyo wakaiweka baina yao wawili.

Filimbi ililia nyumbani mara kadhaa baada ya hapo, bafuni, nyuma ya kabati, na kila mara mama na binti walishikana mikono na kuuma meno. Mwishowe ikanyamaza. Mama akalala usingizi wa kweli, na pamoja na usingizi ule ukaja uzembe mdogo.

Alasiri moja binti alivusha wageni hadi ng'ambo na akawa anarudi peke yake, mvua iliposhuka kama ukuta. Boti haikuonekana. Mama hakumngoja mtu. Aliruka kwenye boti ya uokoaji, akawasha injini, akaingia ndani ya mvua ile akiita jina la mwanawe, maji yakimpiga usoni hata asijue lipi ni ziwa na ipi ni mvua, mpaka akaiona tochi upande wa kulia, mbali kidogo, ikiwaka kijani kibichi chini ya wingu: mimweko mitatu, nafasi, mitatu tena, na machozi yakamtoka kwa furaha, akakata usukani kuelekea kule, na wakati huo huo upande wa kushoto filimbi ikalia, nyembamba, ya kukata tamaa, na yeye akaziba sikio kwa bega kama alivyoagizwa na mganga, akatia mkono mfukoni mwa koti atoe kitambaa ajifute macho, na vidole vyake vikagusa tochi.

Ilikuwa tochi ya boti ya binti. Aliichukua asubuhi ili akaibadilishe betri, na akasahau kuirudisha.

Akaganda. Kulia, mwanga ulimweka mara tatu, ukasubiri. Kushoto, filimbi ililia tena, safari hii fupi, kama inayokwisha. Mganga alisema asijibu. Lakini mama alimjua mtu anayekaribia kuzama. Sauti ile aliifundisha mwenyewe. Akageuza boti, akatia filimbi mdomoni, akajibu kwa pumzi yote aliyokuwa nayo.

Alimkuta binti akielea ndani ya jaketi lake, mkanda wa chini umefungwa vizuri, midomo ya bluu. Alimvuta ndani kwa nguvu asizojua zilikotoka, akamkumbatia, wakalia wote wawili bila aibu. Boti ndogo ilikuwa imepinduka na kuzama.

"Nilijua utakuja," binti alisema, meno yakigongana. "Nilipoiona tochi yako tu, nikajua."

Mama alimsugua mikono ipate joto.

"Mimweko mitatu, kama tulivyokubaliana. Nikapaza sauti, 'Naam, mama! Niko hapa!' Ikaanza kunijia. Kisha nikasikia filimbi yako upande mwingine, nikashangaa umefikaje kule upesi hivyo."

Mama aliikamata tochi iliyokwisha betri mfukoni, akaibana hadi mkono ukauma. Aliendesha boti hadi gatini bila kutazama nyuma, na alipofika alitundika jaketi la binti penye upepo.

Asubuhi alikwenda kulitazama kabla ya jambo lolote. Lilikuwa kavu, kavu kabisa. Alirudi nyumbani karibu acheke. Binti alikuwa ameketi kitandani, taulo mkononi, akijikausha nywele. Alizikausha, zikachuruzika tena. Shuka lilikuwa limelowa, na chumba kilinuka tope.

"Mama," aliuliza, akitazama dari, "kwani paa linavuja?"

Mama alichukua taulo jingine, akaketi nyuma yake, akaanza kumfuta polepole.

"Ndiyo, mwanangu," akasema. "Paa linavuja."