Ngozi Iliyotundikwa Mtini

Nishapet, mke wa Uniam, alikuwa na mikono hodari na masikio ya kutia pamba. Ndiyo maana jua lilipozama alikuwa peke yake msituni, amebeba mgongoni viatu vya theluji alivyovisuka mwenyewe, akimpelekea mumewe. Vya Uniam vilivunjikia huko ziwani kwenye mitego, na theluji ilikuwa ya kiunoni. Bila viatu hatoki. Usiku mmoja tu wa baridi ile ungemuua.

Fremu za mbao alikuwa nazo, zile za duara kama ungo, zinazosukwa wavu wa kamba ili mtu asizame thelujini. Kamba za ngozi ya kulungu ndizo zilizomwishia. Basi akachanachana ngozi aliyoikuta imetundikwa mtini, kwenye kambi ya bikizee aliyefia huko peke yake.

"Ya mtini haiguswi," mama mkwe wake, Pinamen, alimwonya. "Mwenyewe ndiye huishusha."

"Mwenyewe kashaoza, mama. Ataivaa wapi?"

Wakacheka wote wawili.

Njiani ilianza harufu. Harufu ya kidonda kilichofungwa siku nyingi... Na baridi ile, hata mzoga haunuki!

Kisha kitu cha uvuguvugu kikamtiririkia shingoni. Akapapasa.

Ute.

Kamba zilizokauka kama waya asubuhi sasa zilikuwa laini kama utumbo, zinatoka jasho.

Akainamisha macho. Mbele yake palikuwa na nyayo. Duara... duara... Ukingo mtupu, katikati theluji haijaguswa. Viatu visivyo na wavu! Nani atembee navyo asizame?

Chwap... chwap...

Nyuma yake.

"Mwanangu," sauti ilinong'ona, imejaa makohozi. "Nasikia baridi. Nipe changu."

Nishapet hakugeuka. "Bibi, nihurumie. Mume wangu atakufa."

Kisha kicheko chenye majimaji.

"Haya, mpelekee. Tutamvaa sote wawili."

Alikimbia mpaka ziwani.

"Mbona vinanuka hivi?" Uniam aliuliza, meno yakigongana. "Umesukia matumbo?"

"Vaa, mume wangu. Usiniulize."

Akavaa. Wakafika nyumbani wazima, akaketi mlangoni avivue.

Havikutoka.

Pinamen akaleta kisu, akakata kamba moja. Damu ikaruka. Uniam akapiga yowe kama aliyekatwa kidole. Wakasogeza taa. Kamba zilikuwa zimepenya ngozi ya kiatu cha ndani, zikapenya soksi, zikaingia nyamani. Na zilikuwa zimeota vinyweleo. Vya mvi.



Uniam yu hai mpaka leo, hilo hakuna anayembishia mkewe. Kila asubuhi humfuta ute kwa kitambaa, amegeuza uso pembeni. Ila jua likizama ile miguu huanza kutikisika, inamvuta kuelekea kambi ya bikizee, naye Uniam analia hataki kwenda. Hapo Nishapet humfunga kitandani kwa kamba za nailoni.

Juzi asubuhi alikuta zimetafunwa, na meno ya Uniam yana nyuzi za nailoni.