Aliyemsemesha Mejumaa

Sahani ya mgonjwa ilirudi imeoshwa. Si kulambwa, maana kulamba sahani ni kazi ya mwenye njaa na hakuhitaji mganga. Imeoshwa, imekaushwa, na kufunikwa kawa juu, kama sahani ya nyumba yenye mama mkwe mkali. Mejumaa aliigeuza huku na huku. Mtungi wa maji ulikuwa uani. Mgonjwa alikuwa chumbani, na tangu aletwe hakuwa amenyanyua mkono hata kumfukuza nzi.

"Labda amepona," alijisemea, akacheka. Akacheka peke yake, kwa kuwa hapakuwa na wa kucheka naye.

Nyumba yenyewe ilikuwa nyuma ya mtaa wa Kuze, na mwenyewe alikuwa Bi Mwanakuu, fundi wa kupunga majini. Miaka ile, reli imeshafika bara na bendera ya Mwingereza imeshazoeleka machoni, kila ukoo wa Mvita ulikuwa na mtu wa kupelekwa kwa Bi Mwanakuu, na kila ukoo ulikana. Wagonjwa tele, wa kuwauguza ndio hawakupatikana. Kavumbi, hamali wa bandarini Mbaraki, dume la kubeba gunia kila bega, alikaa nusu siku tu. Mgonjwa mmoja alimwita kwa jina la nyanyake, naye akatoka mbio akaacha viatu, na hajatuma mtu kuvifuata. Saadia alistahimili zaidi, mpaka mumewe alipomwuliza kama harufu ile ya ubani ni ya kazi au ya maziko. Akabaki Mejumaa, mjane asiye na mtoto, ambaye nyumba yake ya Makadara ilikuwa kimya hata panya walihamia kwa jirani kutafuta mazungumzo.

Alifundishwa kulisha, kuogesha, na kukaa na mgonjwa. Na jambo moja kubwa.

"Jini akisema, niite," Bi Mwanakuu alimwambia. "Hata nikiwa nasali, ngoja nitoe salamu uniambie. Jini aliyenyamaza hana dawa. Akisema, tutamwuliza haja yake, tutaagana naye, aende. Umesikia, mwanangu?"

"Nimesikia, bibi."

Mgonjwa aliitwa Alawiya. Alizaa mtoto asiyelia, na tokea siku ile mama naye hakutoa sauti. Kakake, Yeslam, ndiye aliyemleta, kwa njia ya uchochoroni.

"Ijumaa, baada ya sala, nikija hajasema, nampeleka chumba cha Serikali," alisema. "Nyumbani wamechoka, bibi. Wasema afungiwe."

"Na wewe wasemaje?"

Yeslam alitazama viatu vyake. "Mimi ni mmoja."

Mji mzima ulikijua chumba hicho. Kilikuwa na komeo nje na hakikuwa na muuguzi ndani. Aliyeingia, watu wake waliacha kumtaja.

Siku ya sahani, jua lilikuwa la utosi. Mji umelala, mbwa wamelala, hata Bi Mwanakuu alikuwa darini akikoroma kama anasaga mahindi. Mejumaa aliingia chumbani akasikia harufu ya asumini mbichi, na asumini haifunguki saa ile. Midomo ya Alawiya ikatikisika kidogo, kama pazia ambalo mtu amepita nyuma yake.

"Mejumaa," sauti ikasema. "Umekula?"

Ilikuwa sauti ya mtu mzima, nzito, ya upole, wala haikuwa ya Alawiya. Mejumaa alijua kwamba yampasa apige ukelele wa kufika darini, na kinywa alishakifungua, lakini katikati ya woga likamjia jambo la kuogofya zaidi, kwamba tangu alipomzika mumewe hapana kiumbe aliyemwuliza swali lile, si jirani, si shoga, si wifi, na kwamba akiita sasa hataulizwa tena.

"Bado," alijibu, kwa sauti ya chini.

"Kula basi. Nakungoja."

Akala. Naye akangojwa.

Ikawa kila adhuhuri. Sauti ilijua habari za Kuze kuliko wanawake wa kisimani. Ilimwigiza Kavumbi akikimbia bila viatu mpaka Mejumaa akaziba kinywa kwa upindo wa leso. Na kila alasiri, Bi Mwanakuu aliposhuka akipangusa macho, aliuliza lile lile.

"Amesema?"

"Hajasema, bibi."

Alawiya alizidi kukonda. Shavu liliingia ndani.

Alhamisi, sauti ilikuwa ikicheka kisa cha bwana harusi na punda wa kukodi, na Mejumaa naye akicheka, alipoona kwamba juu ya kinywa kile kinachocheka macho yalikuwa yakitoka machozi, machozi mengi, yanayoshuka hadi kwenye midomo iliyokuwa haijui habari zake, na mkono wa mgonjwa, ule usiofukuza nzi, ukajikokota juu ya shuka kidogo kidogo hadi ukamshika kiganjani, ukamkaza kama mtu anayezama.

"Nani anayelia?" Mejumaa alinong'ona.

"Huyo? Huyo kesho anakwenda," sauti ilisema kwa upole wake ule ule. "Tutabaki mimi na wewe."

"Bibi!" Mejumaa alipiga ukelele. "Bibi! Amesema!"

Bi Mwanakuu alishuka kichwa wazi. "Lini?"

"Zamani, bibi. Nisamehe. Zamani."

Fundi hakumgombeza. Alitia ubani na udi chetezoni, akamnyunyizia mgonjwa marashi, akamwuliza jini haja yake, kwa heshima. Usiku ukapita, asubuhi ikapita, naye kanyamaza. Watu walipotoka sala ya Ijumaa, ndipo akajibu.

"Nataka wa kuzungumza naye. Nimeshampata."

Bi Mwanakuu alimgeukia Mejumaa, uso umemshuka. "Hatoki mtupu huyu. Yuwataka umkaribishe kwako. Sikulazimishi, mwanangu."

Nje, viatu vya Yeslam vilikuwa vikija uchochoroni. Mejumaa alitazama ule mkono mwembamba.

"Karibu," akasema.

Baridi ilimpita shingoni, ikakaa. Alawiya akafunua kinywa, na kilio kilichotoka kilikuwa chake mwenyewe. "Mwanangu yuwapi? Mmemzika wapi?"

Yeslam alivua kofia akaketi kizingitini, akalia naye. Kisha akamshika dadake mkono, akampitisha njia kubwa, mbele za watu.

Magharibi, Bi Mwanakuu alimketisha Mejumaa karibu yake.

"Sasa u fundi," alimwambia. "Hapana chuo kingine cha kazi hii."

"Na jini wako, bibi?"

"Wangu hapendi kelele."

Asubuhi alifika mama mmoja aitwaye Kache, kutoka ng'ambo ya kivuko, kamshika mwanawe mkubwa anayeongea na kuta. Aliwakuta mafundi wameketi huku na huku kwenye mkeka mpana, katikati pamebaki peupe. Kwa uchovu wa njia akainama aketi.

"Si hapo!" walisema wote wawili kwa pamoja.

Kache akaruka kando, akapatazama. Hapakuwa na mtu. Mkeka ulikuwa umebonyea mahali pawili.