Zawadi Inayomliza Mama

Asubuhi ya Jumamosi nyumbani kwa mama mmoja fundi cherehani haikuwa ya mchezo. Chiriku, binti yake wa kwanza, alichota maji, akawaogesha wadogo zake wanne huku wakipiga mayowe kana kwamba wanachunwa ngozi, akaosha vyombo, kisha akafagia vipande vya vitambaa vilivyozagaa chini ya cherehani. Jina la Chiriku alipewa na baba yake kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Lakini asubuhi hiyo alifanya kazi zote kimya. Aliunguza uji, akavunja kikombe, akamfokea mdogo wake wa mwisho ambaye maskini hakuwa na kosa lolote.

Kilichomkosesha raha alikisikia jana yake jikoni. Mama alikuwa akizungumza na mama mdogo. "Nina mimba, mdogo wangu. Sikuitarajia," alisema, kisha akalia kwa sauti ya chini ili watoto wasisikie. Chiriku alikuwa mlangoni na sufuria mkononi, akasikia kila kitu.

Alijua maana yake. Alipozaliwa huyo mdogo wa mwisho, mama alitokwa na damu nyingi mpaka akalazwa hospitali muda mrefu. Chiriku alitolewa shuleni ili alee, akakosa mtihani, akarudia darasa. Sasa ana miaka kumi na mitatu, na mwaka huu ndio wa mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Aliogopa mama atakufa. Aliogopa pia kwamba mama akipona, shule yake ndiyo itakayokufa. Hofu ya pili aliona aibu kuisema, lakini ilikuwepo, na ilimuuma.

Mchana alikwenda kanisani kwenye mafundisho ya sakramenti ya Kipaimara. Katekista wao alikuwa mtu mkali aliyependa majibu yatoke kwa pamoja, bila neno kupungua.

"Watoto ni nini katika familia?" aliuliza.

"Ni zawadi ya Mungu!" darasa zima liliitikia.

"Na wazazi Wakatoliki hupangaje uzazi?"

"Kwa njia za asili, kama Kanisa linavyofundisha!"

Katekista akageuka. "Chiriku, leo umemeza ulimi?"

Wenzake wakacheka. Chiriku akasimama.

"Mwalimu, zawadi gani inamliza mtu? Mama yangu anafuata hayo mafundisho, na bado amepata mimba. Daktari alimwambia asizae tena haraka. Sasa kwa nini Kanisa linamkataza vidonge? Mtoto akija, Kanisa ndilo litakalomlea nikiwa shuleni?"

Mvulana mmoja nyuma alipiga mluzi. Katekista alikunja uso.

"Kaa chini! Hayo ni mambo ya wakubwa. Kipaimara utakisikia redioni! Bila mzazi wako, nisikuone tena hapa."

Mafundisho yalipokwisha, njiani Chiriku alitembea mbiombio, halafu polepole, halafu mbiombio tena. Ndipo akili ilipomrudia. Alikuwa ameimwaga siri ya mama yake mbele ya watoto wa mtaa mzima! Alipofika nyumbani, habari ilikuwa imeshamtangulia. Jirani alikuwa barazani akimpa mama hongera huku macho yake yakikagua tumbo. Mama alimjibu "ahsante" ya nusu mdomo, akaendelea kukanyaga cherehani.

Chiriku aliingia chumbani, akatoka, akaingia tena. Mwisho alikwenda kusimama mbele ya mama.

"Ni mimi niliyesema, mama. Niliwasikia jana. Nisamehe."

Mama alisimamisha cherehani. "Umenivua nguo mbele za watu, mwanangu. Hata babu na bibi yako sikuwa nimewaambia."

Chiriku alilia. Mama hakumbembeleza, lakini hakumfukuza pia. Alimpa shati akate nyuzi, naye akaendelea kushona.

Jioni baba alirudi kutoka karakana yake ya kuchomelea mageti, mikono ikinuka chuma. Hata hajavua viatu, katekista akapiga hodi.

"Fundi, binti yako anabishana na Kanisa," alisema alipokaribishwa kiti.

Baba alimgeukia Chiriku. "Mambo haya umeyatoa wapi wewe?"

"Kwenye ukumbi wa kanisa, baba. Kila Jumapili baada ya Misa, mkunga wa zahanati anafundisha wenye ndoa uzazi wa mpango kwa njia ya asili. Mimi huwa dirishani nawaangalia watoto, kwa hiyo namsikia. Anasema njia hii ni ya watu wawili. Mmoja akikosa kujifunza, haifanyi kazi. Lakini mle ndani wamo wanawake watupu. Wewe uko nje na wenzako mnabishania mpira." Akamtazama katekista. "Na mwalimu pia."

Katekista alikohoa bila kikohozi. Mama aliinama, na Chiriku akaona anazuia kicheko.

"Amesema kweli," mama alisema alipojikaza. "Mara ngapi nimekuletea mafundisho yale, baba watoto? Ukanijibu umechoka, tutaongea kesho."

Baba aliitazama mikono yake. "Nimekosa," alisema. "Nilidhani ni somo la kina mama."

Katekista naye alivua kofia. "Chiriku, nilikufukuza kwa sababu sikuwa na jibu. Kuuliza si dhambi. Kanisa linaamini kwamba upendo wa mume na mke usitenganishwe na zawadi ya uhai, ndiyo maana halikubali vidonge vya kuzuia mimba. Si fundisho jepesi. Watu wazima wengi wanahangaika nalo, na wapo wasiolikubali."

"Hata mimi bado sijalikubali," Chiriku alisema.

"Basi njoo nalo hivyo hivyo, tuendelee kuulizana."

"Na mama akifa je?"

Mama akamvuta, akamketisha karibu naye.

"Mimba hii sikuipanga. Nimelia, na huenda nitalia tena. Lakini mtoto hana kosa, wala simchukii. Na mimi nataka kuishi, Chiriku. Nawapenda sana."

"Jumatatu tunakwenda kliniki wote wawili," baba alisema. "Tutamweleza daktari yaliyotokea safari ile, na utajifungulia hospitali, si hapa. Na wewe Chiriku, shule huachi. Ile mara ya kwanza nilikuonea. Mtoto nitamlea mimi pamoja na mama yako mdogo. Ikibidi, karakana nitafunga mapema."

Jumatatu wakaenda kweli. Daktari alimpa mama dawa za kuongeza damu na kumtaka asikose kliniki hata mara moja. Jumapili iliyofuata baba aliingia ukumbini na kuketi kando ya mama. Wanaume waliokuwa nje walimzomea kwa utani, mpaka walipomwona katekista naye akiingia nyuma yake, hapo wakanyamaza. Wawili wakamfuata.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, mama alimshika Chiriku mkono, wakabaki nyuma kidogo.

"Nisikilize," alisema. "Kanisa limetuambia tusimkatae mtoto. Halikutuambia mama aachiwe mzigo peke yake. Hilo tulilizua wenyewe, na wewe ulituonyesha kwa kuwa ulisema ukweli. Usiache kusema ukweli. Ila ukweli wa mtu mwingine, muulize kwanza mwenyewe kabla hujaupeleka hadharani. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama." Chiriku alisita. "Naweza kukuuliza kitu kimoja tu?"

"Uliza."

"Unaogopa?"

"Naogopa," mama alisema. "Lakini sasa tunaogopa wote, afadhali."