Aliyelipa Oparesheni ya Eulalie

Bisimwa alikuwa amejiandaa kusihi. Tangu asubuhi alipanga maneno ya kumwambia Papa Marcellin, mpokea pesa wa hospitali ya uzazi, ili mkewe Eulalie aruhusiwe kutoka na mtoto na deni lifuate polepole. Kumbe hakukuwa na deni.

"Facture ya bibi yako ilishalipwa," Papa Marcellin alisema bila kuinua kichwa. "Jana. Yote."

"Yote? Na opération?"

"Opération, uzi, glovu, dawa ya kulalisha, siku zote za kitanda. Weye ulikuja hapa kunigombeza, ukasema kisu moja haiwezi kuwa bei ya ng'ombe, nikakuelezea kimoja kimoja. Ule mutu hakuniuliza hata kitu. Alilipa tu."

"Mutu gani?"

"Murefu. Koti yake ilikuwa inatona maji, na mvua haikunyesha. Nikamuuliza jina ya kuandika. Akasema: andika baba ya mutoto."

Mwingine angemshukuru Mungu akaenda zake. Bisimwa alikuwa karani, tena karani wa Bukavu, na akili yake ilikimbia moja kwa moja hadi kwa Firmin, mfanyabiashara wa dhahabu wa Luhwindja aliyewahi kumposa Eulalie. Nani mwingine angekuwa na pesa nzima Januari ile ya 1980? Sikukuu ya Noeli redio ilikuwa imetangaza kwamba noti za zaïre tano na za kumi zimekufa. Watu walisukumana kwenye milango ya benki kubadilisha chochote walichoweza, na walioachwa nje walibaki na makaratasi. Bisimwa aliachwa nje. Bati la maziwa ambalo yeye na Eulalie walilijaza noti za kumi miezi yote ya mimba, maana daktari alishasema mtoto hatapita njia ya kawaida, likawa bati la takataka. Bisimwa alimdanganya mkewe kwamba aliwahi kubadilisha zote. Hakutaka kumtia hofu siku zikiwa zimekaribia.

Kwa hiyo walipofika nyumbani Kadutu, Eulalie alimshika mkono. Kwenye karatasi za serikali jina Eulalie lilikuwa limekatazwa, kama majina yote ya Kikristo wakati ule, lakini nani angelikataza jikoni?

"Aksanti, bwana yangu. Ulipigana kweli."

Bisimwa aliona anachezewa. Siku nzima alimkagua mtoto masikio, akitafuta masikio ya Firmin.

Jioni ile nguo za mtoto zilikutwa zimelowa. Wakasema ni mkojo. Lakini mkojo wa mtoto haunuki hivyo: ilikuwa harufu ya matope na yai bovu, ile inayopanda wakati mwingine kutoka ziwani. Eulalie alifua, akaanika, na nguo hazikukauka hata juani.

Kisha kikaja kikohozi. Kilikuja mchana, baada ya chakula, kikohozi cha mwanamume anayefika kwake na kutaka watu wa ndani wajue. Bisimwa aliruka akafungua mlango, ngumi tayari kwa ajili ya Firmin, na hakuona mtu, ila kwenye saruji ya baraza palikuwa na nyayo za maji, kubwa, zisizo na viatu, zikija kutoka njiani hadi kizingitini, na alipozifuata kwa macho alikuta hazikuishia pale, zilipita kati ya miguu yake mwenyewe, zikavuka sebule, zikasimama kando ya kitanda cha mtoto, na mtoto, aliyekuwa akimlilia kila anayemshika, alikuwa ametulia kimya akitazama juu, mahali ambapo uso wa mtu mrefu ungekuwa.

"Mwambie Firmin wako asikuje tena kwa nyumba yangu," Bisimwa alimnong'oneza Eulalie.

"Firmin gani? Bisimwa, uko na wazimu?"

"Ule alilipa facture."

"Si weye njo ulilipa?"

Wakatazamana. Hapo ndipo Papa Marcellin alipobisha hodi, jasho likimtoka, na kuweka mezani furushi lililolowa.

"Juzi nilipokea noti muzima, nilihesabu kwa mikono yangu. Leo nafungua tiroir ya meza yangu, naikuta hii. Za kumi. Zilikufa tangu Noeli! Directeur atanifukuza."

Eulalie hakuangalia noti. Aliangalia kitambaa kilichozifunga.

"Hii ni ya kikwembe yangu ya ndoa," alisema taratibu. "Niliikata mimi, nikafunga nayo franga mu bati. Bisimwa, uliipeleka wapi?"

Bisimwa akasema kwamba siku ile ya benki alishuka hadi ziwani na kulitupa furushi majini. "Nilikuwa na hasira. Nikasema: weye unakaa humo chini, lipa basi opération ya bibi yangu."

Kulikuwa na neno lingine. Hilo alilimeza.

Kaka za Eulalie waliuza ng'ombe kwao Walungu, na hospitali ikalipwa kwa pesa hai. Ndipo wakamwita Maman Colombe, mganga anayetibu kwa majani na rozari. Alishuka nao hadi ufukweni, akalishika furushi, akamgeukia Bisimwa.

"Ni hayo tu ulisema?"

"Ni hayo tu, maman."

Alimtazama sana. "Mimi ninarudisha kile unaniambia. Kile unaficha, siwezi kukirudisha."

Bisimwa akatazama viatu vyake. Mganga akalirusha furushi mbali, akisema kwamba wenye mtoto wamelipa wenyewe, kila mtu abaki na chake.

Siku zilizofuata nyumba ilikauka. Harufu iliondoka, mtoto akarudia kulia kama watoto wengine, na Bisimwa alifurahi mno, akamwomba mkewe msamaha kwa habari ya Firmin, akaanza hata kutania kwamba kijana huyu amezaliwa kwa bei ya ng'ombe.

Jumapili, waliporudi misani, Eulalie alimfungua mtoto mgongoni ili amnyonyeshe. Hakupiga kelele. Alimwita mumewe kwa kidole tu. Chini ya mgongo wa mtoto, ndani ya shuka alilomvisha kwa mikono yake, lilikuwa furushi, maji yakitona, limefungwa kwa fundo la Eulalie mwenyewe.

"Ule mutu hakukubali kurudishiwa," Eulalie alisema. "Bisimwa, ulisema neno gani ingine?"

"Hakuna."

"Bwana yangu. Ni mutoto wetu."

Alijaribu kukataa tena, akamwona mtoto ametulia na kugeukia mlangoni. Machozi yakamtoka.

"Nilisema..." Akamshika mtoto mguu. "Nilisema, lipa, na mutoto atakuwa wako."

Barazani mtu akakohoa.

"Hodi," akasema, na kabla hawajamjibu harufu ya ziwa ilikuwa imeshaingia.