Mtoto Aitwe Kelele

"Umesema mjukuu wangu aitwe nani?"

"Kelele, mama."

Mama mkwe aliitua chupa ya chai kwenye benchi kwa kishindo.

"Majina yameisha duniani? Babu yake hana hata mjukuu mmoja wa kurithi jina lake, wewe unaniletea Kelele!"

 Mkwewe, mshonaji wa nguo, alikuwa amesimama kwenye kioo cha chumba cha watoto mahututi, mkono umeshika mshono wa tumboni, macho kwa mwanawe. Tangu azaliwe, mtoto hajalia. Mpira umepita mdomoni, mashine inampumulia. Daktari alisema mchana ule wangeutoa. Akivuta pumzi mwenyewe, Mungu ni mwema. Asipovuta... hapo daktari alikohoa tu.

Mumewe akatokea mbio, simu mkononi. Alikuwa fundi wa spika za sherehe, na walikuwa wametengana tangu mimba ikiwa changa. Meseji aliyotumiwa ilikuwa fupi: "Mtoto kazaliwa. Halii. Nataka aitwe Kelele. Njoo."

"Hata hospitalini unanisimanga?" akafoka.

"Nakusimanga nini?"

"Si ndiyo neno ulilonifukuzia? 'Beba spika zako na kelele zako, niachie kimya changu.' Leo neno lilelile unambandika mwanangu!"

Ni kweli, ndivyo alivyomfukuza. Kichefuchefu kilikuwa kinamsumbua, na bwana huyu kila akitengeneza spika lazima aijaribu sebuleni, hadi vikombe vinatembea mezani. Mwanamke gani asingepasuka?

"Mwambie!" mama mkwe akachochea. "Mdomo uliponza kichwa."

Mshonaji akageuka, uso umelowa.

"Niliomba kimya, nikakipata. Ulipoondoka nilikuwa nakanyaga cherehani bila kitambaa, nisikie tu kitu ndani ya nyumba. Halafu nikajifungua, chumba kizima kikanyamaza. Mume wangu, kimya sikitaki tena! Nataka mtoto alie hadi majirani watuchukie. Nataka uvunje vikombe vyote. Sina dua nyingine zaidi ya hilo jina."

Fundi akakosa pa kuweka macho.

"Kwa nini hukunipigia muda wote huo?"

"Niliona aibu."

"Na mimi nilikuwa nabonyeza namba yako, nakata kabla haijaita."

Akamgeukia mama yake.

"Mama, mtoto ataitwa Kelele."

"Yaani umesharogwa tena! Na baba yako je?"

"Baba atanisamehe. Na yeye hakuwahi kuongea taratibu."

Mlango ukafunguliwa.

"Wazazi, ingieni," muuguzi akasema. "Bibi, wewe subiri hapo."

Mpira ukatolewa. Mashine ikazimwa. Mtoto akalala vilevile, kifua hakipandi. Muuguzi akamsugua mgongo. Midomo ikaanza kubadilika rangi.

"Mwanangu, lia! Jamani, lia!" Mshonaji alikuwa amezamisha kucha kwenye mkono wa mumewe.

Daktari akanyoosha mkono kuuchukua mpira tena.

"Subiri!" Fundi alikuwa ameinama, sikio karibu na mdomo wa mtoto, kama anavyotega kwenye spika mbovu. "Nimesikia kitu."

"Umesikia nini? Usinidanganye!"

"Mkwaruzo. Mdogo sana. Ngoja."

Wakangoja. Ukaja wa pili, kama bawaba yenye kutu. Kisha kifua kikapanda, uso ukajikunja kwa hasira, na mtoto akalia. Hakikuwa kilio cha maana, paka angemshinda. Lakini mama yake akamwangukia mumewe kifuani.

"Spika zako ziko wapi?"

"Kwa mama."

"Zirudishe leo. Na wewe rudi nazo."

"Nitarudi. Leo hii hii."

Muuguzi akashtuka kuona mlango umesukumwa. Mama mkwe alikuwa ameingiza kichwa, machozi yanamchuruzika, chai yote imemwagika sakafuni.

"Bibi, huruhusiwi!"

"Niache!" Akamnyooshea mtoto mikono kutoka palepale mlangoni. "Lia, Kelele! Lia, baba, bibi yako nipo hapa!"